Nikiamka saa 8 usiku silali tena: je, kutembea asubuhi kutanirudishia usingizi?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 47, ni mhasibu, naishi Kimara, Dar es Salaam, na kazi yangu iko Posta. Huu mwezi wa saba sasa naingia kitandani saa 3:30 usiku ili nifidie, lakini usingizi unakuja saa 4:30, na ikifika saa 8 macho yanafunguka yenyewe. Nagaagaa nikipiga hesabu za ada na kuchungulia simu mpaka saa 9 na robo hivi, napitiwa kidogo, kisha saa 10:30 kengele inalia. Natoka nyumbani saa 11:15 giza halijaisha, basi la Mwendokasi linanifikisha Kivukoni saa 12:15, naingia ofisini kusubiri saa 2 kazi ianze. Ofisi yetu haina dirisha. Narudi usiku. Jumamosi nalala mpaka saa 3 asubuhi. Nimejaribu Piriton, inanizubaisha kutwa. Jirani ananiambia nitembee pekupeku kwenye nyasi kila asubuhi, eti ardhi inavuta umeme mbaya mwilini. Shoga yangu anataka kunigawia Valium zake. Hii habari ya kutembea asubuhi ina ukweli, au ni maneno tu? Na kulala chini ya masaa matano kila siku kutaniua?"

Marahaba, dada. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na ndani yake nimeona hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba usingizi umekuhama. Ya pili ni kwamba kila usiku unaopita macho makavu unakula umri wako, na hiyo ndiyo inayokukalia kifuani saa 8 usiku. Nianze na jibu fupi: kutembea asubuhi kuna ukweli mkubwa, tena kwa mtu wa ratiba kama yako huenda ndilo jambo la kwanza la kufanya. Ila sababu siyo ile aliyokupa jirani, na kutembea peke yake hakutatosha usipobadilisha pia muda unaoingia kitandani.

Kuhusu kufa: hapana, kuamka katikati ya usiku si ugonjwa. Kila mtu huamka mara kadhaa kwa usiku mmoja, mara nyingi bila kukumbuka asubuhi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa huku kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, pamoja na vya jamii nyingine mbili, moja ya kusini mwa Afrika na nyingine ya Bolivia. Watu hao hawakuwa na umeme, lakini wastani wa usingizi wao ulikuwa kati ya masaa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Wala hawakulala mara giza lilipoingia. Walikaa macho masaa matatu na zaidi baada ya jua kuzama. Utafiti mwingine wa Wahadzabe, wa mwaka 2017, uliwapima watu wazima 33 kwa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu muda wote kulikuwa na mtu aliyeamka, akajigeuza, akachochea moto, akalala tena.

Tofauti yako na Mhadzabe aliyeamka saa 8 usiku ni kwamba yeye haanzi kujiuliza kwa nini ameamka. Wewe unaangalia saa, unatoa hesabu ya masaa yaliyobaki, moyo unaenda mbio, na moyo ukishaenda mbio usingizi unakaa mbali. Sisemi masaa manne na dakika 45 yanakutosha. Watu wazima wengi wanahitaji masaa saba hivi, na uchovu wako ni wa kweli. Ninachosema ni kwamba hatari ya leo na kesho kwa mtu asiyelala vizuri ni kusinzia kwenye usukani au kukosea kazini, na hali kama yako hutibika.

Sasa tuingie ndani kidogo. Usingizi unaletwa na nguvu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza naiita njaa ya usingizi. Tangu unapoamka, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Ukilala inasafishwa. Njaa hii hujengwa kwa kukaa macho na kwa kuushughulisha mwili, kama vile njaa ya chakula inavyojengwa kwa kutokula. Anayedokoa dokoa kutwa hana hamu ya ugali wa usiku, na anayelala Jumamosi mpaka saa 3 asubuhi hana njaa ya kutosha ya usingizi usiku wake.

Nguvu ya pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kifungu cha seli zipatazo 20,000 kinachoendesha mzunguko wa siku: lini joto la mwili lipande na lishuke, lini homoni ya usiku iitwayo melatonini itoke, lini uchangamke. Jinsi seli zinavyohesabu muda ndani yake ndiyo kazi iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Sasa shika hili: kwa wastani saa hiyo si ya masaa 24 kamili. Inazidi kwa dakika kumi na kitu. Ikiachwa bila kurekebishwa, kila siku inachelewa kidogo. Kinachoirekebisha ni mwanga, hasa wa asubuhi, unaopokelewa na seli maalumu ndani ya jicho, upande wa nyuma, ambazo kazi yake kubwa si kuona sura wala rangi bali kupima ukali wa mwanga.

Lugha yetu inalielewa jambo hili vizuri. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, siyo ya saba baada ya usiku wa manane. Mwili wako nao unahesabu hivyohivyo. Unangoja uambiwe "kumekucha", ndipo uanze hesabu itakayoishia kwenye usingizi. Wewe huuambii.

Nitakuonyesha kwa namba. Ukali wa mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Nje kwenye jua kali la mchana ni kama luksi 100,000. Nje siku ya mawingu bado unapata 10,000 au karibu na hapo. Chini ya kivuli cha mwembe ni elfu kadhaa. Ofisi yenye taa nzuri ni 300 hadi 500. Sebule ya kawaida usiku haifiki 150. Jicho linatudanganya kwa sababu linajizoesha haraka, kwa hiyo ofisi inaonekana "ina mwanga wa kutosha" wakati ni sehemu ndogo sana ya mwanga wa nje. Sasa pitia siku yako: unatoka gizani, unasafiri ndani ya basi alfajiri, unaingia chumba kisicho na dirisha, unatoka jua likiwa linaaga, unarudi kwenye taa. Kwa kipimo cha saa ya mwili, unaishi siku nzima kwenye magharibi isiyokwisha. Mchana wako haung'ai na usiku wako haujawa giza, basi mwili hauoni mpaka kati ya kimoja na kingine.

Bahati yako ni mbili. Ya kwanza ni mahali tunapoishi: Dar es Salaam jua huchomoza kati ya kama saa 12 na saa 12:40 mwaka mzima, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haifiki saa moja. Baadhi ya ndugu zetu walioko miji ya kaskazini ya mbali kama Oslo au Minneapolis hununua taa maalumu za mwanga mkali wakati wa baridi. Wewe dawa yako inachomoza kila siku bila malipo. Ya pili ni kwamba kituo chako cha mwisho, Kivukoni, kinatazama maji, na unafika pale saa ileile inayotakiwa. Ile saa moja na dakika 45 unayokaa ndani ukisubiri kazi ndiyo hazina yako.

Ukishuka, usiingie ofisini. Tembea kando ya maji kwa dakika 30, kati ya saa 12:30 na saa 1 asubuhi. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Miezi ya Juni na Julai jua linapochelewa, sogeza iwe saa 12:45. Siku za masika mbingu ikifunga, ongeza ziwe dakika 45. Mvua ikinyesha, simama barazani uso ukielekea nje, kwa sababu mwanga wa nje unaokufikia pale bado ni mwingi kuliko wa ndani. Usivae miwani ya jua katika dakika hizo. Usilitazame jua lenyewe hata kidogo, maana linaunguza jicho. Inatosha uwe nje, macho wazi, ukitazama maji, boti na watu. Kofia ya kawaida haina tatizo. Kama magoti hayataki kutembea, kaa kwenye benchi ukunywe chai yako hapohapo. Mwanga ndio dawa yenyewe. Miguu inaongezea nguvu tu, kwa kujenga ile njaa ya usingizi.

Saa ya chakula cha mchana, toka tena dakika 15, kivulini. Simu ibaki mfukoni. Faida hapa inapita mambo ya luksi. Akili inayokaza macho kwenye hesabu kutwa hupumzika inapotazama vitu visivyodai jibu: majani yanayotikiswa na upepo, kunguru wanaogombania kipande cha mkate, wimbi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, wa watu karibu 20,000, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye maeneo ya asili angalau dakika 120 kwa wiki ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na maisha yanawaridhisha. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya. Huenda wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Lakini gharama ya kujaribu ni ndogo, na dakika 30 za asubuhi kwa siku tano zinakupitisha kiwango hicho.

Ndipo nije kwa jirani. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba ardhi inavuta "umeme mbaya" kupitia nyayo ukalala vizuri. Wanaotembea kwenye nyasi asubuhi na kujisikia vizuri wamefaidika kweli, ila kilichowafaidi ni kutoka nje mapema, mwanga na mwendo. Vaa viatu. Nyasi na udongo wenye unyevu ndiko viluwiluwi vya minyoo ya safura vinakosubiri. Vinatoboa ngozi ya mguu bila wewe kujua, vinaingia mwilini na kunyonya damu taratibu. Usisahau funza, misumari na pepopunda. Kwa mwenye kisukari, pekupeku ni marufuku kabisa, kwa sababu anaweza kukatwa asihisi. Mwambie kwa upole. Hakuwa na nia mbaya, na nusu ya ushauri wake ilikuwa sahihi.

Sasa sehemu ngumu. Unaingia kitandani saa 3:30 ili ufidie. Inaonekana ni busara, lakini ndiyo inayokulisha kukosa usingizi. Hebu tupige hesabu, wewe ni mhasibu: kuanzia saa 3:30 usiku mpaka saa 10:30 alfajiri ni masaa saba kitandani. Unalala kuanzia 4:30 hadi 8, masaa matatu na nusu, halafu saa moja na robo ya mwisho. Jumla masaa manne na dakika 45. Yaani karibu theluthi moja ya muda wako kitandani unaitumia kuteseka. Kitanda kimejifunza kwamba wewe ukipanda, mateso yanaanza. Ndiyo maana watu wengi wa hali yako husinzia kwenye kochi, kisha wakienda chumbani macho yanakauka.

Matibabu yanayokubalika kama hatua ya kwanza kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya kidonge chochote, yanafanya kinyume cha kufidia: yanapunguza muda wa kitandani mpaka usingizi uujaze wote, kisha yanauongeza taratibu. Kwako wewe ingekuwa hivi. Saa ya kuamka ibaki 10:30 alfajiri, kila siku ya kazi. Usiingie kitandani kabla ya saa 5 usiku, hata ukiwa umechoka. Hayo ni masaa matano na nusu. Usishuke chini ya masaa matano kwa hali yoyote. Nunua daftari la bei nafuu, kila asubuhi andika kwa makadirio: niliingia kitandani saa ngapi, nililala saa ngapi, niliamka mara ngapi. Ukipata wiki nzima ambayo asilimia 85 au zaidi ya muda wa kitandani umelala, sogeza saa ya kuingia nyuma kwa dakika 15: saa 4:45, kisha wiki inayofuata saa 4:30, mpaka upate kiwango kinachokuacha mchangamfu mchana.

Wiki mbili za mwanzo utajisikia vibaya kuliko sasa. Nakuambia mapema kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa wakasema haifanyi kazi, wakati ule uchovu ndio njaa ya usingizi inayojengwa. Katika muda huo usiendeshe gari wala pikipiki ukiwa na usingizi. Na njia hii ya kubana muda isifanywe bila daktari na mwenye kifafa, aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, mjamzito, au dereva na mtu wa mashine. Hao wabaki na sehemu ya mwanga, kuamka saa ileile kila siku, na yatakayofuata.

Jumamosi ndiyo inayobomoa ulichojenga. Kutoka saa 10:30 alfajiri hadi saa 3 asubuhi ni tofauti ya masaa manne na nusu. Tofauti ya saa kati ya Dar es Salaam na Dakar ni masaa matatu; wewe kila wikiendi unaupeleka mwili mbali kuliko Dakar na Jumatatu unaudai uwe umesharudi. Naelewa mwili unataka kupumzika. Basi Jumamosi na Jumapili amka isizidi saa 11:30, toka nje jua likitoka, na mchana pumzika dakika 20 hadi 30, kati ya saa 7 na saa 9. Weka kengele. Usingizi wa mchana ukipita nusu saa, au ukianza saa 10 jioni, unakopa kwenye wa usiku.

Ukiamka saa 8 usiku, usiangalie saa. Geuza simu kifudifudi, na ikiwezekana iache sebuleni ununue saa ya kengele ya kawaida. Ukihisi umekaa macho kama dakika 20, na hasa ukishaanza kukereka, shuka kitandani. Mapema jioni uwe umeandaa kiti na taa hafifu sebuleni, na kitenge cha kujifunika, ili usimwamshe mumeo kwa kupapasa gizani. Keti, fanya jambo tulivu lisilo na kioo cha kung'aa: soma kitabu kisichosisimua, fuma, fuata uradi au sala ya taratibu. Usipige pasi wala usipange mboga za kesho. Ubongo ukishaona saa 8 usiku ni saa ya kazi utakuamsha uwahi kazini. Macho yakiwa mazito rudi kitandani. Yakikataa tena, shuka tena. Kwa wanaoishi chumba kimoja, tandika mkeka pembeni uketi hapo. Cha msingi ni kutoka kwenye godoro.

Zile hesabu za ada nazo zina mahali pake. Saa 2 usiku baada ya chakula, keti na kalamu dakika 15. Andika kila deni na jambo moja dogo utakalolifanya kesho kuhusu hilo deni, hata kama ni kumpigia mhasibu wa shule kuomba kulipa kwa awamu. Ukiamka usiku ukajikuta unalihesabu, jibu ni kwamba limeshaandikwa. Hili linasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu akili huwa haiachii jambo ambalo haijahakikishiwa kuwa limewekwa mahali.

Joto lina nafasi yake pia. Ili ulale, joto la ndani ya mwili linashuka karibu nyuzi moja, na linashuka kwa damu kupeleka joto kwenye viganja na nyayo. Katika utafiti ule wa 2015 usingizi uliendana na kupoa kwa hewa ya usiku. Dar, hasa Januari hadi Machi, hewa haipoi vya kutosha, na nyumba ya matofali ya simenti na bati hukusanya joto kutwa na kulitema usiku. Funga mapazia ya upande wa magharibi mchana. Mtu akiwepo nyumbani afungue madirisha yenye wavu jioni upepo wa bahari unapoanza. Chandarua usikiache, lakini jua kwamba kinapunguza upepo, hivyo feni ielekee kitandani kwa karibu, ipulize kupitia chandarua, si juu ukutani. Godoro la sponji lenye kava la nailoni linahifadhi joto. Tandika shuka mbili za pamba. Oga maji ya uvuguvugu saa 3 hadi saa 4 usiku, saa moja au mbili kabla ya kitanda. Wengi huoga ya baridi sana wakidhani ndiyo yanapoza, kumbe ngozi ikishtuka mishipa inajibana na joto linabaki ndani. Ya uvuguvugu huleta damu kwenye ngozi, na ukitoka joto linaondoka lenyewe.

Chai ya mwisho yenye majani iwe saa 8 mchana. Kafeini huchukua masaa matano hivi kupungua nusu tu, kwa hiyo kikombe cha saa 2 usiku nusu yake bado kinazunguka mwilini saa 7 usiku. Mchaichai hauna kafeini, kunywa ukipenda. Bia au mvinyo wa kuletea usingizi hukulaza haraka na kukuamsha usiku wa manane, saa zilezile unazozilalamikia.

Kuhusu simu, nitakuwa mkweli: mwanga wake unalaumiwa kupita kiasi. Mtu aliyepata mwanga mwingi mchana haumizwi sana na kioo kidogo usiku. Kinachokuamsha ni kilichomo, yaani meseji za mikopo, magrupu na habari. Taa nyeupe kali ya dari ina uzito zaidi. Kuanzia saa 3 usiku zima hiyo, tumia taa ndogo ya rangi ya njano iliyo chini ya usawa wa macho.

Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, mwili unaizoea ndani ya siku chache, na ndiyo inayokuzubaisha ofisini. Iache. Valium za shoga yako usizipokee, hata moja. Diazepamu, yaani dawa iliyo ndani ya Valium, inakaa mwilini siku kadhaa, ndani ya wiki chache kipimo cha jana hakitoshi, na aliyeizoea akiacha ghafla anaweza kupata degedege. Kama yeye mwenyewe amezinywa kwa wiki nyingi, asizikatize kwa siku moja. Aende kwa daktari apunguziwe taratibu. Vipo pia vidonge vya melatonini. Vinasaidia zaidi kusogeza saa ya mwili kuliko kumlaza mtu, na faida yake kwa tatizo kama lako ni ndogo.

Ushauri wa mwanga wa asubuhi una watu usiowafaa. Kwa mfano, mzazi mzee anayesinzia saa 1:30 usiku na kuamka saa 8 hana saa inayochelewa, yake inawahi. Yeye mkalishe nje jioni, saa 10 hadi saa 12, ili usiku wake usogee mbele.

Kabla hujaanza yote haya, nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe presha na sukari. Kuna mambo yanayojificha nyuma ya kukosa usingizi, na umri wako una moja la wazi: ukomo wa hedhi unapokaribia, wanawake wengi huamka usiku kwa joto la ghafla na jasho, mapigo yakienda mbio. Kama hedhi imeanza kuruka na unaamka umelowa, mweleze daktari, yapo matibabu. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, omba upimwe kifua kikuu na VVU bila kuchelewa. Muulize mumeo kama unakoroma, na kama pumzi yako husimama kisha unakurupuka; hiyo, pamoja na kichwa kuuma asubuhi na presha, inahitaji uchunguzi wa koo na pumzi, wala hapo usijaribu dawa ya usingizi. Ukiamka kwenda haja ndogo zaidi ya mara moja, sukari iangaliwe, na kama unatumia dawa ya presha ya kutoa maji, uliza kama inaweza kunywewa asubuhi. Vivyo hivyo kwa prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, na kwa wanaotumia dolutegravir, dawa ya VVU: kwa baadhi ya watu huondoa usingizi, na kuinywa asubuhi huweza kusaidia. Muda wa dawa zozote kati ya hizo uubadilishe kwa kuongea na anayekuhudumia.

Na kuna swali moja nataka ujiulize ukiwa peke yako. Je, huko kuamka usiku kunakuja na huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili na zaidi, kutofurahia tena vitu ulivyovipenda, au mawazo kwamba ni heri usingekuwepo? Kama ndiyo, usisubiri wiki sita za daftari. Hospitali nyingi za mkoa zina huduma ya afya ya akili, na Muhimbili wana idara kamili. Mawazo ya kujidhuru yakija usiku, mwamshe mumeo saa hiyohiyo, asikuache peke yako, na mwende hospitali iliyo karibu bila kungoja kukuche.

Kama hayo yote hayapo, anza Jumatatu. Wiki ya kwanza fanya mambo mawili tu: Kivukoni dakika 30 asubuhi, na saa ya kuamka isiyobadilika, wikiendi isizidi saa 11:30. Kubana muda wa kitandani uanze wiki ya pili, na daftari lianze kesho. Baada ya wiki sita, kama muda unaolala haujaongezeka au bado unasinzia mchana, libebe daftari hilo hospitalini. Daktari akiona wiki sita zilizoandikwa ataanza kukuhudumia mahali tofauti kabisa na akisikia "sipati usingizi" peke yake.